Tulisaini Tusichokisoma: Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo na Wajumbe wa Seneti

Kwako Profesa, Makamu Mkuu wa Chuo; kwenu wajumbe wa Seneti, wakuu wa idara na walimu wangu wote,

Shikamooni.

Mimi ni mhitimu wenu wa mwaka 2023. Kwa miaka mitatu nilikuwa kiongozi wa darasa, CR kama tunavyoitana, wa darasa la ualimu lenye watu zaidi ya mia nne. Leo nina stesheneri nje ya geti la pili, pale bodaboda wanapopaki chini ya mkungu. Kompyuta moja, printa mbili, mashine ya kopi ya mtumba. Kopi shilingi 100, kuchapa barua shilingi 1,000 kwa ukurasa. Jina la chuo silitaji kwa makusudi. Ninyi mtajijua, na wa vyuo vingine wakijiona humu, nao wajijue.

Nawaandikia kwa sababu ya barua ninazozichapa. Kila semista ikifika ukingoni, wateja wangu hubadilika. Wanaacha kuleta ripoti za mafunzo kwa vitendo za kupigwa spairo, wanaanza kuja mmoja mmoja, jioni, wakiwa wamekunja karatasi mkononi. Barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa kukata rufaa. Barua ya kuomba kufikiriwa upya. Barua ya kueleza kwa nini mtihani ulipita na yeye hayupo. Maneno "sikuwa nafahamu kwamba" nimeyachapa mpaka kompyuta imeyakariri. Nikigonga herufi chache za mwanzo inanimalizia yenyewe.

Nataka kuongea nanyi juu ya hayo maneno, na juu ya taratibu za chuo zinazomkuta mwanafunzi kabla hajazifahamu.

Novemba 2020, siku ya usajili, foleni yetu ilianzia chini ya turubai ikaishia juani. Kila mmoja alipewa fomu sita. Ya nne ilikuwa na mstari mmoja mfupi: nimesoma, nimeelewa na nitazifuata sheria na taratibu zote za chuo. Kalamu niliazima kwa jamaa aliyekuwa nyuma yangu, naye alikuwa ameiazima kwa mwingine. Kitabu chenyewe cha sheria hakikuwepo mezani. Nilimuuliza dada wa usajili kinapatikana wapi, akasema kipo kwenye tovuti, we saini, wenzako wanasubiri. Nikasaini. Nikarudisha kalamu. Wote tulisaini, na kalamu ile sijui iliishia kwa nani.

Mwenzetu mmoja alisaini siku hiyohiyo. Nasimulia habari zake kwa ruhusa yake, na barua hii ameisoma kabla yenu. Alikuwa akikaa safu ya tatu, karibu na dirisha, na daftari lake ndilo sisi wavivu tulikuwa tukilipiga picha siku moja kabla ya jaribio. Mwaka wa pili alipata ujauzito.

Naomba hapa mnisikilize vizuri. Binti huyu alisoma sekondari enzi zile ambazo msichana akipimwa akakutwa na mimba, jioni yake anatoka na begi. Waraka wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni ulitoka Novemba 2021, yeye akiwa tayari yuko kwenu. Aliyelala kitanda cha juu yake bwenini aliondoka namna hiyo kidato cha tatu, na hakuruhusiwa hata kuaga. Kwa hiyo yeye alikuja chuoni anajua jambo moja kuhusu mimba na masomo, kwamba mimba inafichwa. Akaificha. Dera, mtandio mpana, akahama safu ya tatu akaenda kukaa nyuma kabisa. Mimi CR nilidhani amekosana na rafiki zake.

Sheria za chuo chetu hazimfukuzi mwanafunzi mjamzito. Zinamruhusu kuahirisha semista, hata mwaka mzima, na kurudi nafasi yake ikiwa inamngoja. Kifungu kipo, nimekisoma mwenyewe, miaka miwili baadaye. Barua moja ya ukurasa mmoja mwezi Aprili, na leo angekuwa anasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Hakuiandika kwa sababu hakujua kuna kitu cha kuuliza.

Julai 2022, usiku wa kuamkia karatasi ya pili ya UE, ule mtihani wa mwisho wa semista, nilikuwa kwenye kimbweta, meza ya zege ya kujisomea, napiga msuli. Saa tano na dakika kadhaa simu ikaingia ujumbe wake: "CR, samahani kwa usumbufu. Hivi mtu akikosa UE moja inakuwaje?"

Nikamjibu: "Usijali, utasapu Septemba." Nikaongeza na kidole gumba.

Nilikosea. Nilimjibu kwa ujasiri wa kusikiasikia tu, maana hata mimi niliyasikia kwa CR wa mwaka wa juu, naye sijui aliyapata wapi. Kwa sheria zetu, anayesapu, yaani anayepewa mtihani wa marudio, ni yule aliyefanya mtihani akafeli. Na hata akipata 80 kwenye sapu anaandikiwa C. Anayeugua akatoa taarifa ndani ya siku saba, na cheti cha daktari kikagongwa mhuri wa zahanati ya chuo, huyo anaahirishiwa na kufanya mtihani maalumu Septemba, alama zake zikahesabiwa zote kama kawaida. Anayekosa bila taarifa anahesabiwa ametoroka mtihani. Huyo hasapu. Huyo anadisko, yaani anaondolewa chuo.

Usiku ule miguu yake ilikuwa imevimba na macho yanaona ukungu. Presha ya mimba. Mama mwenye nyumba alikopanga ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa bajaji, akalazwa, akafanyiwa upasuaji. Mtoto yuko salama, mwaka huu ameanza kuhesabu. Mama yake alirudi chuoni siku ya kumi na moja na karatasi ya kuruhusiwa ikiwa imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki. Akaambiwa bado mhuri wa zahanati. Daktari wa zahanati alikuwa likizo, akarudi siku ya kumi na nne.

Kwenye kamati ya chuo iliyoamua habari yake walimwonyesha fomu namba nne. Wakamuuliza kama sahihi ile ni yake. Akasema ni yake. Wakamwambia, basi ulisoma.

Sisemi kamati ilivunja sheria. Ilifuata kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa upande wa kamati. Na kama kuna mtu mmoja mmoja wa kulaumiwa, naomba nianze mimi niliyejibu na kidole gumba. Ninachosema ni kwamba chuo kilikuwa na mlango wa kumpitisha, na mlango huo ulikuwa mahali ambapo mwanafunzi wa kawaida hafiki.

Niwaonyeshe ulipo. Nenda kwenye tovuti, fungua kitabu cha mwongozo. Ni faili moja kubwa. Kwa kifurushi cha mwanafunzi na mtandao wa hosteli unaweza kuiacha inashuka ukaenda kuoga ukarudi. Ndani yake, baada ya historia ya chuo, orodha ya wajumbe wa Baraza, na kurasa mbili nzima zinazoeleza rangi za majoho ya mahafali, ndipo unapokuta namna ya kuahirisha mtihani. Majoho yametangulia. Mtu atajua shahada ya uzamivu inavaa kofia ya namna gani kabla hajajua afanye nini akiugua siku ya mtihani.

Na akifika huko anakutana na Kiingereza cha mawakili. Sentensi moja mistari saba, isipokuwa kama, endapo, bila kuathiri kifungu kidogo cha nne. Sitaki kuurudisha hapa ule ubishi wa lugha ya kufundishia, una wenyewe na hauishi leo. Fundisheni kwa Kiingereza mkitaka. Ila mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Aliyeshtakiwa kwa kuiba kuku Mbagala leo anasomewa shitaka kwa lugha anayoiota usiku. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayekaribia kupoteza shahada anasomewa yake kwa lugha ambayo, tuambiane ukweli, wengi wetu tuliifahamu kwa ajili ya kufaulia tu. Wala si kwamba Kiswahili hakiwezi mambo ya kitaaluma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha Kiswahili kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970, na mpaka shahada ya uzamivu watu wanaandika. Kitashindwaje kusema "ukiugua, njoo ofisi hii, ndani ya siku hizi, na karatasi hii"?

Sasa tuje kwenye karatasi ambayo mwanafunzi anaisoma kweli. Iko moja tu: muhtasari wa kozi, ule wa wiki ya kwanza, sisi tunauita autilaini. Nimeipiga kopi hiyo kwa maelfu, nikiwa CR na sasa nikiwa na mashine yangu. Mwanafunzi anaitunza kuliko kitambulisho. Anaibandika ukutani hosteli, hata wale waliobebana wawili kwenye kitanda kimoja utaikuta juu ya mto. Anaipigia mstari. Ina nini? Jina la kozi na namba yake. Mada kumi na mbili. Vitabu vya rejea ambavyo baadhi vimechapishwa kabla mwalimu mwenyewe hajazaliwa, na maktabani kila kimoja kina nakala moja, nayo iko kwenye dawati maalumu. Koswaki, yaani kazi na majaribio ya ndani ya semista, alama 40; UE 60. Mwishoni, kwa herufi kubwa: MAHUDHURIO NI LAZIMA. Basi. Vitisho vimefika mpaka kwenye autilaini, msaada umebaki kwenye tovuti.

Si wote. Mwaka wa kwanza tulikuwa na mama mmoja wa saikolojia ya elimu, mtu mzima, sauti ya chini, mkoba wa ukindu. Siku ya kwanza hakufundisha mada yoyote. Aliandika ubaoni namba yake ya ofisi na "Jumatano, saa nane hadi saa kumi". Halafu akatuuliza, kwa Kiswahili, nani kati yenu anajua afanye nini akifiwa katikati ya semista? Ukumbi mzima kimya. Akaeleza. Nani anajua aende wapi akiona usingizi haumjii wiki mbili? Kimya. Akaeleza, akatutajia jengo la ushauri nasaha liko nyuma ya maabara, mlango wa kijani, na akasema mtu akikuona unaingia pale sema umeenda kuuliza choo. Tukacheka. Ilimchukua dakika kumi, kumi na tano hivi. Kozi yake ndiyo pekee ambayo sikuwahi kuulizwa swali la taratibu kama CR, maana kila mtu alishajua. Amestaafu sasa. Aliyerithi kozi anaanza na mada ya kwanza.

Laiti kozi yake ingekuwa semista ya nne na si ya kwanza.

Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Nawaomba dakika kumi na tano kati ya hizo.

Yapo na mengine yanayopita mezani kwangu. Fedha ndiyo inayoongoza. Bodi ya Mikopo inatoa hela ya chakula na malazi, ilikuwa 8,500 kwa siku na mwaka 2022 ikapanda kuwa 10,000, na hela hiyo, bumu tunavyoiita, ikichelewa wiki mbili mwanafunzi anachelewa nalo: anakopa kwa mama ntilie, anakopa kwangu kopi, anaanza kukwepa vipindi vya asubuhi kwa sababu akilala njaa haisikii. Hilo si kosa lenu peke yenu, nalijua. Lenu ni hili: mwanafunzi anayedaiwa ada kidogo anafika mlango wa ukumbi wa mtihani na jina lake halipo kwenye orodha. Kijana mmoja alikuja kwangu anatetemeka, anadaiwa 85,000, mtihani unaanza baada ya dakika arobaini. Kumbe ofisi ya mhasibu inaruhusu kuandikishiana kulipa kwa awamu, mradi uende kabla ya wiki ya kumi. Nimelijua hilo kwa mhasibu mwenyewe alipokuja kupiga kopi ya hati ya kiwanja. Miaka mitatu ya u-CR sikuwahi kulisikia.

Bima ni hivyohivyo. Tulikatwa 50,400 kila mwaka, na kuna wenzangu walimaliza chuo hawajawahi kuitumia kadi kwa sababu hawakujua ikichelewa kutoka kuna barua ya muda ya kuchukua zahanati.

Darasani kwetu alikuwepo kaka mwenye ualbino, macho yake hayaoni mbali. Walimu waliandika ubaoni kwa kalamu ya kijani iliyoisha wino. Alikuwa ananyanyua simu, anapiga picha ubao, anaikuza picha kwa vidole viwili, anasoma kipande kwa kipande huku mwalimu ameshafuta. Kwenye UE alikuwa anainamia karatasi mpaka pua inaigusa, na msimamizi mmoja aliwahi kumwambia akae vizuri asije akadhaniwa anaibia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusaidiwa, na taratibu zenu wenyewe zinasema anaweza kuomba karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada, ilimradi aombe mwanzoni mwa semista. Aliambiwa hayo mwaka wa tatu, wiki mbili kabla ya UE yake ya mwisho kabisa, na mtu wa kozi nyingine waliyekutana kwenye daladala. Alimaliza na GPA, wastani wa alama zake zote, ya 3.4. Mnajua ninyi kuliko mimi 3.5, pale daraja la pili la juu linapoanzia, ina maana gani kwa mtu anayetafuta kuendelea na masomo.

Lipo na lile ambalo tunalisemea puani. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Bango la hiyo namba lipo jengo la utawala, ghorofa ya pili, ambako mwanafunzi hupanda siku ya kuita mzazi. Binti akipata matatizo na mwalimu wa kozi, utaratibu unasema aanze kwa mkuu wa idara. Sasa huyo mkuu wa idara ni rafiki wa mwalimu, wamesoma pamoja, wanakunywa supu pamoja. Au ndiye mwalimu mwenyewe. Barua za namna hii sijawahi kuchapa hata moja, na sidhani kama ni kwa sababu hayatokei. Mara mbili mtu ameketi kwenye kiti cha mteja, nikafungua ukurasa mpya, akaangalia skrini kwa muda, akaniuliza bei ya bahasha, akaondoka.

Halafu mwaka huu kumeingia hili la akili mnemba. Mwalimu mmoja anawaambia tumieni ChatGPT, dunia imebadilika; wa chumba cha pili anampa mtu sifuri kwa aya tatu zilizonyooka kupita kiasi. Wanafunzi walewale, wiki ileile. Wananiuliza mimi mwenye stesheneri ipi ni ipi. Nawaambia sijui. Huo ndio uungwana niliojifunza tangu Julai 2022.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimeshaambiwa nilipopita ofisini. La kwanza: hawa ni watu wazima, wana miaka kumi na minane na zaidi, wajitafutie. Ni kweli ni watu wazima. Lakini wametoka mahali ambapo kwa miaka kumi na tatu waliambiwa kila kitu kwa kengele: kula, lala, piga mswaki, ingia darasani. Mwanafunzi aliyekuwa akiuliza sana aliitwa mjuaji. Mnampokea Novemba na Februari mnamtarajia awe mtu wa kudai haki zake kwa kifungu. Na mtu mzima pia huambiwa. Daktari hamkabidhi mgonjwa mtu mzima dawa akamwacha akatafute matumizi yake kwenye tovuti.

La pili: wanafunzi hawasomi, hata mkiwaandikia hawatasoma. Hili linaniuma zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Hatusomi kurasa mia mbili na kitu. Ila autilaini tunaisoma, nimeshasema, tunaipigia mstari. Jaribuni kubadilisha tarehe ya jaribio kwenye autilaini kwa siku moja tu muone kama kuna atakayekosa kujua.

La tatu alilisema afisa mmoja kwa utani, ila sidhani kama ulikuwa utani wote: mkiwaambia taratibu zote, wataahirisha wote. Mzee wangu, hakuna anayependa kubaki nyuma ya wenzake. Wazazi wameuza ng'ombe. Anayeahirisha amefikishwa hapo.

Ninachoomba ni karatasi moja, mbele na nyuma, kwa Kiswahili na Kiingereza, iambatanishwe na muhtasari wa kila kozi bila kujali ni ya idara gani, na mwalimu aisome kwa sauti kipindi cha kwanza, kama yule mama alivyokuwa akifanya. Siku ya usajili karatasi hiyohiyo iwe mezani, kabla ya fomu namba nne. Na siku za kutoa taarifa ya ugonjwa zianze kuhesabiwa mtu anapotoka hospitali, si anapoingia. Hilo la mwisho linahitaji Seneti. Mengine yanahitaji mashine ya kopi.

Sikuja mikono mitupu. Mimi na wenzangu wanne tuliowahi kuwa CR wa madarasa tofauti tumekaa jioni tatu hapa dukani, geti likishafungwa, tukaiandika hiyo karatasi. Tulichukua kitabu cha mwongozo, tukatoa vifungu kumi na moja, tukavigeuza kuwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma akiwa na homa. Imetosha mbele na nyuma, nafasi imebaki ya nembo ya chuo. Nakala niliiacha kwa katibu muhtasi wa Mshauri wa Wanafunzi, amenigongea mhuri wa kupokelewa.

Ina nafasi tatu zenye vidoto, kwa sababu majibu yake hatukuyapata. Ya kwanza: mwanafunzi akiugua asubuhi ya mtihani, ampigie nani? Idara walituambia ofisi ya mitihani. Ofisi ya mitihani wakatuambia Mshauri wa Wanafunzi. Kwa Mshauri wa Wanafunzi tukaambiwa turudi idarani. Ya pili: zahanati ya chuo ikiwa haina daktari siku hiyo, mhuri unagongwa na nani? Wa zahanati alitutajia mtu, lakini mtu huyo alishahamia mkoa mwingine. Ya tatu: malalamiko dhidi ya mkuu wa idara yanapelekwa kwa nani? Hapo tulizunguka siku mbili. Ofisi ya mwisho tuliyoingia, mama aliyekuwepo alituangalia, akainuka, akafunga mlango, akaketi. Halafu akatuuliza kwanza ni nani kati yetu limemkuta.

Tukamwambia hakuna, tunajaza karatasi tu. Akasema basi acheni nafasi.

Tumeiacha. Mkiijaza, nileteeni karatasi hiyo geti la pili. Kopi mia nne za kwanza sitatoza.

Wenu,
Mhitimu wa 2023, aliyekuwa CR